Swala Lililowekwa Kiporo

Ndugu wakimbizi wenzetu na watumishi wa mashirika, tunasoma mapatano ya Oslo kwa macho ya kambini. Tarehe 13 Septemba 1993 Rabin na Arafat walipeana mikono Washington, lakini swala la wakimbizi liliwekwa kiporo, pamoja na Yerusalemu na mipaka. Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makwao vita vya 1948 vilipopiganwa. UNRWA ilianza kuwahudumia mwaka 1950, kwa muda tu (neno hilo “muda” tunalijua!), na muda huo umeongezwa tena na tena. Rabin aliuawa 1995 na Mwisraeli mpinga mapatano. Camp David, mwaka 2000, kiporo kilifunguliwa, wakashindwana. Baada ya Oktoba 2023 hofu ya Waisraeli haipuuziki, wala maafa ya Gaza. Sisi tunaona mazungumzo yajayo yaanze na wakimbizi.