Hali timilifu: kutoka "perfect" hadi -me-

Kwa Mwingereza wa leo, "perfect" ni sifa ya kitu kisicho na dosari. Ndiyo maana mwanafunzi anayelikuta neno hilo katika sarufi hujiuliza kitenzi nacho kina usafi gani. Jibu limo katika Kilatini. Kitenzi perficere kimeunganisha per, "hadi mwisho", na facere, "kutenda". Perfectum basi ni kilichotendwa hadi kikaisha. Neno liliingia Uingereza kupitia Kifaransa cha kale, na enzi za mshairi Chaucer liliandikwa "parfit". Herufi c ilirejeshwa baadaye ili lifanane na asili yake. Maana ya kutokuwa na dosari imechipuka hapo hapo: kazi iliyofika mwisho haina tena pa kutiwa mkono. Wanasarufi walishika ile maana ya awali.

Wagiriki waliiita hali hiyo parakeimenos, "kilicholala kando", jina linaloashiria ujirani wa tendo na wakati uliopo.

Sarufi zetu zinasema hali timilifu. Timilifu ni ndugu wa timia, timiza na timamu, maneno yenye asili ya Kiarabu, tamma. Limefaa kuliko kamilifu, ambalo husikika zaidi kama sifa ya kisicho na kasoro. Ahadi hutimia, miezi tisa hutimia. Hakuna anayeuliza kama ina doa.

Kiambishi chake ni -me-. Wanaisimu wa historia hukirudisha kwenye kitenzi cha kale -mala, "kwisha", ambacho mabaki yake yamo katika maliza. Lugha imerudia mtindo huo huo kwa kitenzi kingine: amekwisha kula imefupika, tukapata ameshakula.

Hata hivyo, kuisha kwa tendo ni nusu tu ya habari. Mgeni akibisha hodi na kuuliza, "Shikamoo mama, baba yupo?", akajibiwa, "Marahaba mwanangu, amelala", anaelewa kwamba mzee yuko usingizini wakati huo. Kulala kumetimia, usingizi unaendelea. Akiambiwa "alilala", atasubiri kusikia kilichofuata. Vivyo hivyo konda akisema "gari limejaa", abiria hujua hapati kiti. "Lilijaa" ni hadithi ya jana. Amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika: vyote vinataja hali iliyopo sasa, iliyozaliwa na tendo lililopita.

Ukanushi nao unathibitisha. Hakula hufunga mlango wa chakula kile, lakini hajala, ambayo ndiyo kinyume cha amekula, humwachia sahani mezani.

Kwa hiyo istilahi yenyewe haina tatizo. Linalohitaji kurekebishwa ni fasili ya darasani isemayo kwamba -me- huonyesha tendo lililokwisha, kisha ikaishia hapo. Iongezwe: na ambalo matokeo yake bado yapo.