Hija ya Namugongo: Kupunguza Gharama za Chakula na Nauli

Kila tarehe 3 Juni Kanisa huwaadhimisha Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Hujaji atokaye Masieda kwenda Namugongo, karibu na Kampala, hukuta umati mkubwa, na chakula na nauli huweza kupanda bei. Yafaa waamini wakodi basi kwa pamoja, wabebe unga, maharage na sufuria, wapike kwa zamu. Mjini Kampala daladala huitwa teksi. Nauli ya bodaboda ipatanwe kabla ya kupanda. Tena, kila kikundi kiwe na mfuko wa pamoja, ili asiwepo anayeshiba huku mwenzake akilala njaa.