Ukarabati wa ekseli ya mbele ya trekta

Ukarabati wa ekseli ya mbele ya trekta ni kazi ya kurekebisha au kubadilisha sehemu zilizolika katika ekseli ya mbele na mfumo wa usukani wa trekta. Sehemu hizo ni pamoja na pini ya katikati, kingpini, bushi, beringi za magurudumu na viungio vya fimbo za usukani. Kazi hii huhitajika hasa kwa matrekta ya zamani, ambayo bado hulima na kubeba mizigo katika Afrika ya Mashariki, kwa mfano kwenye tambarare za Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Muundo

Katika matrekta mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ekseli ya mbele ni boriti ya chuma iliyoshikwa kwa pini moja katikati. Boriti huyumba juu ya pini hiyo, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, ili magurudumu yote yabaki ardhini shamba likiwa na matuta.

Kila mwisho wa boriti kuna kingpini, yaani mhimili wa wima ambao gurudumu hugeukia. Kingpini huzunguka ndani ya bushi, ambazo ni mirija mifupi ya chuma laini kuliko kingpini yenyewe. Bushi hutengenezwa ziwe laini kwa makusudi: zilike zenyewe, kwa kuwa ni rahisi na hubadilishwa, ili boriti na kingpini visalimike.

Mfano unaojulikana sana ni Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1964 na 1975. Boriti yake ina vipande vitatu: cha katikati, na viwili vya pembeni vinavyoweza kusogezwa ili kupanua au kupunguza nafasi kati ya magurudumu. Matrekta madogo ya bustani yaliyoenea Marekani tangu miaka ya 1960, kama Cub Cadet, nayo yana boriti inayoyumba juu ya pini ya katikati, kwa ukubwa mdogo zaidi.

Moshi na Kilimanjaro

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vihamba vya migomba na kahawa hulimwa zaidi kwa jembe la mkono, kwa sababu ni vidogo na vina mwinuko mkali. Trekta hufanya kazi zaidi chini, kwenye mashamba ya mahindi na maharage, katika shamba la miwa la TPC kusini mwa mji, na katika skimu ya umwagiliaji ya mpunga ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani.

Matrekta yaliyoingia Tanzania ni ya aina nyingi. Mbali na Massey Ferguson na Ford, Valmet za Ufini ziliunganishwa Kibaha katika miaka ya 1980, na baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 yaliletwa Farmtrac na New Holland kutoka India kupitia SUMA JKT. Vipuri vinavyofaa matrekta ya zamani ya Massey Ferguson bado hupatikana, kwa kuwa miundo ya ukoo huo iliendelea kutengenezwa India na Pakistan.

Mazingira ya eneo hili huharakisha uchakavu. Wakati wa kiangazi vumbi la udongo wa volkano huchanganyika na grisi na kusaga chuma kama msasa. Katika majaruba ya mpunga, maji na tope huingia kwenye bushi na beringi. Trekta hukodishwa kwa ekari, na likiharibika mwezi Machi, mvua za masika zinapokaribia, wakulima wengi huchelewa kupanda.

Dalili za uchakavu

* Usukani huzunguka kidogo bila magurudumu kugeuka.
* Magurudumu ya mbele hutikisika trekta linapokwenda kasi barabarani.
* Tairi hulika upande mmoja.
* Magurudumu huonekana yameinama, juu au chini.

Ili kupata chanzo, trekta huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigogo imara. Haifai kulitegemea jeki peke yake. Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa, huku mtu wa pili akitazama. Kama kingpini inacheza ndani ya boriti, bushi zimelika. Kama kingpini imetulia lakini gurudumu linacheza, tatizo ni beringi. Kisha usukani huzungushwa kidogo kulia na kushoto huku kila kiungio cha fimbo kikiangaliwa. Ulegevu wa milimita 1 kwenye bushi huonekana kama milimita kadhaa kwenye ukingo wa tairi.

Hatua za ukarabati

1. Mkono wa usukani na kingpini huwekewa alama kabla ya kufunguliwa, ili virudishwe kama vilivyokuwa.
2. Bushi za zamani hutolewa, na mpya huingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Tundu la bushi lazima lilingane na tundu la grisi; lisipolingana, grisi haitafika ndani.
3. Kingpini iliyolika hubadilishwa. Kuweka bushi mpya kwenye kingpini yenye mikwaruzo ni hasara, kwani zitalika upesi.
4. Tundu la pini ya katikati likiwa limepanuka na kuwa kama yai, hutobolewa upya kwa mashine na kuwekewa bushi nene zaidi.
5. Viungio vya fimbo za usukani vilivyolegea hubadilishwa, na kila nati hufungwa kwa pini mpya inayokunjwa.
6. Mwishoni magurudumu hupimwa mbele na nyuma yake, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Kwa kawaida nafasi ya mbele huwa ndogo kidogo, kwa milimita chache, kama kitabu cha trekta kinavyoelekeza.

Mafundi wengine huchomelea kiungio au mkono wa usukani ili kuokoa gharama. Jambo hili ni la hatari. Chuma kilichochomelewa huweza kupasuka bila dalili, na trekta lenye tela la mizigo kwenye barabara ya mteremko, kama zile zinazoshuka kutoka Kibosho au Marangu, likikosa usukani haliwezi kuongozwa tena.

Matunzo

Uchakavu mwingi huzuiwa kwa grisi. Bushi za kingpini na pini ya katikati hupakwa grisi kila siku ya kazi, na katika mpunga mara tu baada ya kutoka kwenye tope, ili grisi mpya isukume uchafu nje. Tundu la grisi hufutwa kwanza. Ni vizuri pia kuinua ekseli wakati wa kupaka, kwa sababu uzito wa trekta huziba nafasi ambayo grisi inapaswa kupita.