Mito ya England baada ya Brexit: sheria zilibaki, msimamizi akaondoka

Mwanzoni mwa Septemba 2021, Uingereza ikiwa imetimiza miezi minane nje ya soko la pamoja la Ulaya, Wakala wa Mazingira wa England ulitoa waraka mfupi kwa kampuni za maji. Malori yalikuwa hayana madereva wa kutosha, na kemikali za kusafishia majitaka, hasa feriki salfeti, zilikuwa zinachelewa kufika mitamboni. Waraka ulisema kampuni itakayokosa kemikali hizo inaweza, kwa masharti, kumwaga mtoni maji ambayo hayajapita hatua zote za usafishaji. Miongoni mwa sababu ulizozitaja ni corona na uhusiano mpya wa nchi hiyo na Umoja wa Ulaya. Hakuna kifungu cha sheria kilichofutwa. Ilitolewa ruhusa ya muda tu, na nje ya nchi hapakuwa tena na chombo cha kuuliza kulikoni.

Watu wengi wakizungumzia Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, na mazingira hutazama sheria ipi imefutwa na ipi imebaki. Mimi naona historia ya mito ya England inatuelekeza kwenye swali jingine: serikali yenyewe inapovunja sheria ya mazingira, nani anaweza kuipeleka mahakamani na ikaogopa?

Uchafu wenyewe ni wa zamani kuliko Umoja wa Ulaya. Katika kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kuvuta pumzi. Fedha zikapitishwa haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga chini ya London mtandao wa mifereji ambao sehemu kubwa inafanya kazi hadi leo. Kama ilivyo katika miji mingi ya zamani ya nchi hiyo, maji ya mvua na maji ya vyooni hupita kwenye bomba moja. Mvua ikinyesha sana na bomba likajaa, yale yanayozidi hufurika ukuta mfupi uliojengwa ndani ya mfereji na kutokea mtoni, kinyesi na vyote vilivyomo. Bila tundu hilo la dharura, majitaka yangerudi nyuma na kuibukia majumbani. Lilikusudiwa kutumika mara chache. Lakini mji uliongezeka, bustani zikasakafiwa, na ikafika mahali mvua ya kawaida tu ikawa inatosha.

Mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba Thames katika eneo la London umekufa kibiolojia. Ni haki kusema pia kwamba kufufuka kwake kulianza kwa juhudi za Waingereza wenyewe, maana samoni alionekana tena mtoni humo mwaka 1974, wakati Uingereza ina mwaka mmoja tu katika Jumuiya ya Ulaya na maagizo makubwa ya maji ya Brussels bado hayajaandikwa.

Agizo la kwanza lililoiumbua Uingereza lilikuja mwaka 1976, likihusu usafi wa maji ya kuogelea. Kila nchi ilitakiwa kutaja sehemu zake za kuogelea, kisha izisafishe. London ikatafuta njia ya mkato kwa kutaja sehemu 27 tu, chache kuliko zilizotajwa na Luxembourg, nchi isiyo na bahari. Blackpool, mji ambao mamilioni ya wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakienda kupumzika pwani, haukuwamo. Brighton nao haukuwamo. Familia ziliendelea kuwaingiza watoto kwenye maji yaleyale, ila kwenye makaratasi ya serikali hapakuwa mahali pa kuogelea. Ni miaka hiyo ambapo Uingereza ilibandikwa jina la mchafu wa Ulaya. Mwaka 1987 orodha iliongezwa ikafika karibu 400, na mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu kwamba nchi hiyo imevunja sheria kwa hali ya maji ya Blackpool na Southport.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Chini ya utaratibu wa Ulaya, mwananchi wa kawaida aliweza kuandika barua kwa Kamisheni ya Ulaya huko Brussels bila kulipa wakili wala ada. Kamisheni ikiridhika na malalamiko yake, iliiandikia serikali, ikataka maelezo, ikatoa onyo, na mwisho ikaipeleka mahakamani. Serikali iliyopuuza hukumu iliweza kutozwa faini inayopanda kila siku. Utaratibu huo ulikwenda polepole mno, mara nyingine miaka kumi na zaidi, lakini haukumalizwa na uchaguzi, na waziri hakuweza kuupunguzia bajeti.

Agizo la majitaka ya mijini la 1991 lilipata nguvu yake humo. Ndilo lililoifanya Uingereza, ilipofika mwisho wa 1998, kuacha kupakia tope la majitaka melini na kwenda kulimwaga baharini. Na ndilo lililotumika mwaka 2012, mahakama ilipoamua kwamba London pamoja na Whitburn, karibu na Sunderland, zilikuwa zikifungulia majitaka mtoni na baharini kupita kiasi. Serikali ilikuwa tayari imekubali kimsingi kujenga handaki kubwa la majitaka chini ya Thames, na hukumu ile ikafanya iwe vigumu kurudi nyuma. Handaki hilo lenye urefu wa kilomita 25 liliunganishwa lote Februari 2025.

Sitaki kuupamba Umoja wa Ulaya. Kampuni ya Southern Water, iliyopigwa faini ya pauni milioni 90 mwaka 2021, ilihukumiwa kwa kumwaga majitaka kinyume cha sheria kati ya 2010 na 2015, bendera ya Ulaya ikiwa bado inapepea. Kampuni za maji za England zilibinafsishwa mwaka 1989 kwa uamuzi wa London, wala si wa Brussels. Ireland ilihukumiwa kwa makosa kama hayo mwaka 2019, nayo ni mwanachama. Tena kujitoa kulileta nafasi ya kweli: England iliachana na ruzuku ya Ulaya iliyolipwa kwa ukubwa wa shamba na kuanza kuwalipa wakulima kwa kutunza udongo, maji na viumbe.

Kilichopotea ni msimamizi wa nje. Kabla ya nchi kujitoa, mawaziri waliahidi Brexit ya kijani. Lakini kipindi cha mpito kiliisha 31 Desemba 2020, na Ofisi ya Ulinzi wa Mazingira, chombo kipya cha kushika nafasi ya Kamisheni, ilipata nguvu za kisheria baada ya Sheria ya Mazingira kusainiwa Novemba 2021. Waraka wa Septemba uliangukia katikati ya pengo hilo. Ofisi yenyewe inaweza kuchunguza, kutoa notisi na kwenda Mahakama Kuu. Haiwezi kuitoza serikali faini. Mwenyekiti wake huteuliwa na waziri, na fedha zake hutoka kwa wizara ya mazingira, ileile ambayo ofisi hiyo inapaswa kuichunguza.

Agosti 2022 wabunge wa Ufaransa katika Bunge la Ulaya, wakihofia samaki na fukwe za upande wao wa Mlango Bahari, waliiandikia Kamisheni kuhusu majitaka ya jirani. Zamani barua ya namna hiyo ingeweza kuishia kwenye Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg. Sasa kilichobaki ni mkataba wa biashara, unaokataza kupunguza ulinzi wa mazingira pale tu upunguzaji huo unapoathiri biashara au uwekezaji kati ya pande mbili. Samaki aliyekufa, peke yake, hajaathiri biashara ya mtu.

Ndani ya nchi, mapambano yalihamia Bungeni na mitaani. Oktoba 2021 wabunge 265 dhidi ya 202 walikataa kipengele cha kuzilazimisha kampuni kupunguza madhara ya majitaka. Wananchi walipiga kelele, na serikali ikarudi na kipengele chake yenyewe. Mwaka 2023 serikali ilitaka kuondoa kanuni, yenye asili ya Ulaya, inayozuia nyumba mpya kuongeza virutubisho kwenye mito iliyokwisha kulemewa, kama Wye, ambao katika bonde lake hufugwa kuku takribani milioni 20 na samadi yao huijaza ardhi fosfeti inayolisha mwani. Bunge la Juu likaukataa mpango huo.

Takwimu za 2023 zilionyesha majitaka yalifunguliwa mara 464,056 nchini England, kwa jumla ya saa milioni 3.6. Zisisomwe kana kwamba Brexit ndiyo iliyoyafungua, kwani mwaka huo ulikuwa wa mvua nyingi, na vipimo vilifikia matundu yote mwishoni mwake tu. Tunachokijua ni kwamba tathmini kamili ya 2019 ilikuta asilimia 14 tu ya mito katika hali nzuri ya kiikolojia.

Desemba 2024, baada ya uchunguzi wa zaidi ya miaka miwili, Ofisi ya Ulinzi wa Mazingira ilitamka kwamba wizara, Wakala wa Mazingira na mdhibiti wa bei za maji, wote watatu, walishindwa kutimiza sheria kuhusu matundu hayo ya dharura. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, usio na faini nyuma yake. Mwezi huohuo bei za maji ziliidhinishwa kupanda kwa wastani wa asilimia 36 katika miaka mitano, kabla ya mfumuko wa bei, na sehemu ya fedha hizo itagharamia kurekebisha mabomba na mitambo. Ng'ambo ya pili, agizo jipya la Ulaya lililoanza kutumika 1 Januari 2025 linawataka watengenezaji wa dawa na vipodozi kubeba angalau asilimia 80 ya gharama za kuondoa mabaki ya bidhaa zao kwenye majitaka. England haibanwi na agizo hilo.