Tarehe Fupi ya Mwitu wa Karura

Kaskazini ya jiji la Nairobi, penye barabara iendayo Limuru na ile iendayo Kiambu, upo mwitu wa hekta zipatazo 1,041, uliozungukwa na majumba pande zote, ambao mito yake ni midogo kwa sura lakini mirefu kwa safari. Mito hiyo, Karura na Gitathuru na Ruaka na wenziwe, huteremka upande wa mashariki ikaungana na maji ya Mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Nao Athi, baada ya kupita nyika za Tsavo na kubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, humwaga maji yake baharini baina ya Malindi na Mambrui. Mtu wa pwani adhaniye kwamba habari za Karura ni za watu wa bara peke yao, na aitazame rangi ya bahari ya Malindi wakati wa masika, ajue kuwa kila kipande cha mwitu kiondokacho huko juu huleta salamu zake huku chini.

Karura iliingizwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa mwitu wa hifadhi mwaka 1932, na kwa hesabu hiyo umri wake wa kisheria umekwisha kupita miaka 90. Katika muda huo imekuwa shamba la kuni, maficho ya wapiganaji, mali ya umma iliyogawanywa kwa siri, uwanja wa mapambano, makao ya wanyang'anyi, na leo ni mahali pa mandari panapopendwa mno na wakazi wa jiji. Mwenye kuzifuata hali hizi moja baada ya moja haoni kwamba waraka wa 1932 uliweza kuulinda mwitu kwa nguvu zake wenyewe. Aonalo ni kwamba mwitu ulilindwa kila ulipokuwa na watu wa kuuingia kwa mapenzi, na ulitaka kupotea kila watu walipouacha. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, nalo linastahili kuelezwa kwa taratibu.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na gari-moshi za siku zile zilikuwa zikila kuni. Mji ulipozaliwa juu ya kinamasi kile, miitu ya asili iliyouzunguka ilianza kukatwa kwa ajili ya reli, kwa ajili ya mbao na kwa ajili ya majiko. Na maafisa wa misitu wa serikali ya kikoloni walipoona akiba inapungua walipanda mikaratusi, mti wa Australia umeao kwa haraka na kuwaka vizuri. Ndiyo maana hata sasa aingiaye Karura hupita kwanza katika safu za miti mirefu iliyonyooka, iliyopandwa kwa mstari kama mahindi, kabla hajafika mabondeni, ambako shoka halikupenya kwa wepesi na mwitu wa kale umebaki. Huko mabondeni ndiko uliko muhugu, mti mgumu wa rangi ya hudhurungi, wenye harufu nzuri ukipasuliwa, ambao wachonga vinyago wa Ukambani wameupenda kwa muda mrefu kiasi cha kuufanya uwe adimu katika miitu mingi ya Kenya. Mtu akiuweka mkono juu ya gome la muhugu mkongwe, lenye mifereji mirefu kutoka shinani kwenda juu, atatambua kwamba kitu hiki hakikupandwa na idara yoyote.

Pembeni ya Mto Karura, karibu na maporomoko ya maji ambayo urefu wake ni wa mita kama 15, yapo mapango. Husimuliwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau waliyafanya maficho katika miaka ya 1950, na asiyesadiki hana budi kwenda mwenyewe: mdomo wa pango ni mpana, lakini hatua chache ndani giza huwa zito, popo wakapigapiga mbawa juu ya kichwa, na sauti ya maporomoko hufunika nyayo za aingiaye na atokaye.

Baada ya uhuru mwitu uliendelea kuwa mali ya serikali, na kwa miaka mingi haukuwa na historia ya kusimulia. Jambo moja tu la miaka hiyo ningependa lisisahauliwe, maana aghalabu huwashangaza wageni: ndani ya Karura upo mtambo mkubwa wa kuchomea uliotumiwa na Benki Kuu ya Kenya kuteketeza noti zilizochakaa. Dohani lake lingali limesimama baina ya miti, na watoto hulizunguka wakiulizana ni fedha kiasi gani zilizogeuka majivu pale.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyoleta balaa. Ardhi ya Nairobi ilikuwa imepanda thamani, na Karura, iliyo jirani ya Muthaiga na Runda, na ya Gigiri yaliko makao ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya mazingira, ilionekana kwa macho ya wenye tamaa kuwa ni viwanja vilivyoota miti kwa bahati mbaya. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya mwitu ilikuwa imekwisha gawiwa makampuni na watu binafsi, bighairi ya wananchi kuulizwa, na kwamba mitambo ya ujenzi ilikuwa imeanza kufyeka. Habari hiyo ilipomfikia Profesa Wangari Maathai, mwanamke mzaliwa wa Nyeri aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na ambaye alikuwa amekwisha kuiokoa bustani ya Uhuru Park isijengwe ghorofa refu mwaka 1989, hakuandika barua na kukaa kungoja majibu. Aliandika barua, kisha akachukua miche.

Ustadi wa mapambano yale ulikuwa katika urahisi wake. Alipofyeka mjenzi, Wangari na wafuasi wake walipanda. Na palipowekwa walinzi malangoni, walitafuta njia ya kinamasi, wakapita majini wakiwa na miche mikononi, wakapanda, wakatoka. Mwezi wa Oktoba 1998 waandamanaji, pamoja na wabunge kadha wa upinzani, waliingia katika mwitu, na mitambo ya wajenzi ikateketezwa kwa moto. Mimi siusifu moto. Lakini sina budi kutambua kwamba tangu siku hiyo hapakuwa na mtu mjini Nairobi aliyeweza kusema hajasikia habari ya Karura.

Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alifika tena mlangoni pamoja na wafuasi wake, wabunge, waandishi wa habari na wageni, akitaka kupanda mti mmoja tu kuwa alama kwamba ardhi ile ni ya umma. Kundi kubwa la wanaume wenye marungu, mapanga na mijeledi liliwavamia. Wangari alipigwa kichwani hata damu ikamtiririka, na wengine kadha walijeruhiwa. Alipopelekwa kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, alitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimtoka, ili asitokee mtu wa kusema baadaye kwamba hakuumizwa. Kamera zilikuwapo, na dunia ikaona. Wiki zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu walitoka barabarani kwa ajili ya Karura na wakapambana na polisi, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wote wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Mwandishi mwingine angeikomesha tarehe hapa, kwa ushindi. Lakini ukweli ni kwamba Karura iliyookolewa kutoka kwa wajenzi haikuwa bado imeokolewa kutoka kwenye woga. Kwa takriban miaka 10 baada ya mapambano, mwitu ulikuwa mtupu. Wezi walijificha humo, maiti ziliokotwa humo, kuni na mkaa viliibwa humo usiku na mchana, na mzazi wa Nairobi aliyemtaka mtoto wake arudi salama hakumruhusu kusogea ukingoni. Mwitu wenye sheria, wenye sifa duniani, na uliokombolewa kwa damu, ulikuwa hauna mtu wa kuutembelea. Na kitu cha umma kisichotumiwa na umma humrudishia mwenye tamaa matumaini yake.

Mageuzi yalitokana na sheria mpya ya misitu ya mwaka 2005, iliyounda Huduma ya Misitu ya Kenya na kuwapa wananchi walio jirani na mwitu haki ya kujiunga katika vyama na kuusimamia pamoja na serikali. Kwa njia hiyo wakazi wa mitaa ya karibu walianzisha chama cha Marafiki wa Karura mwaka 2009. Fedha zilichangwa, na ua wa nyaya za umeme ukajengwa kuuzunguka mwitu. Walakini kwa maoni yangu ua haukuwa ndilo jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kwamba chama kiliwaendea vijana wa kijiji cha Huruma, makazi ya watu wa kipato kidogo yaliyo ukingoni mwa mwitu, ambao baadhi yao ndio waliokuwa wakikata miti, kikawaajiri na kuwafunza kuwa walinzi. Wao waliujua mwitu kuliko afisa yeyote: walijua vichochoro vyake, maficho yake, na saa za wezi. Mtu aliyekuwa akiuingia kwa kunyemelea akavishwa sare na kuuingia kwa heshima, na kazi yake ikawa ni kuona kwamba hapana anyemeleaye.

Mwaka 2011 Karura ilifunguliwa kwa watembezi, na Wangari alifariki tarehe 25 Septemba mwaka huo huo. Watu walikuja kwa mamia, kisha kwa maelfu. Leo zipo njia za zaidi ya kilomita 50 kwa waendao kwa miguu, wakimbiaji na wapanda baiskeli, na baiskeli hukodishwa mlangoni kwa asiyekuwa na yake. Kila penye njia panda kipo kibao chenye nambari, na mgeni aliyepotea hana haja ya kuona haya: humpigia simu mwenzake akamwambia nambari iliyo mbele yake, akatafutwa. Familia huja na vyakula vyao, mikeka yao na birika zao za chai, wakatandika penye nyasi. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi tangu mwezi wa Juni 2020, zilipopigwa marufuku katika hifadhi zote za nchi, na kwa hiyo maji huchukuliwa katika chupa za chuma au vibuyu. Mandari ya Karura ni ya mchana, na jua likielekea kutua walinzi hupita njiani wakiwahimiza waliochelewa. Siku ya Jumapili asubuhi utawaona pamoja watu ambao Nairobi huwatenga siku nyingine zote: balozi anayekimbia, wanakwaya wanaofanya mazoezi chini ya mti, akina mama wa Huruma na watoto wao, na bwana mzee wa Kihindi anayetembea pole pole kando ya ziwa dogo la mayungiyungi akihesabu ndege.

Wanyama nao wamepata raha. Kima, paa wadogo, nungunungu na fungo hawakuondoka. Mbega, yule kima mweusi mwenye joho jeupe la manyoya mabegani, alirudishwa kwa makusudi. Walichukuliwa kutoka upande wa Kipipiri, walikokuwa wakigombana na wakulima kwa sababu miti yao ilikuwa imekwisha, wakaletwa Karura katika muongo uliopita, wakazaana. Sikuwahi kuona watu wazima wakisimama njiani na kunyamaza kwa pamoja kama wanavyonyamaza mbega anaporuka kutoka kilele hata kilele huku mkia wake mrefu ukimfuata.

Si kwamba mabishano yamekwisha. Mwaka 2025 yalizuka hadharani maneno makali baina ya serikali na chama cha marafiki juu ya mapato ya mlangoni na nani mwenye mamlaka ya kuyapokea na kuyatumia. Mimi natamka bila kuficha kwamba fedha itozwayo kwa ajili ya mwitu haina budi kuonekana ndani ya mwitu, katika mshahara wa mlinzi na ukarabati wa ua, vyovyote atakavyokuwa mwenye kuipokea. Na linatia moyo kwamba waliopaza sauti safari hii walikuwa ni watembezi wa kawaida, wengi wao wakiwa watoto wadogo, au hawajazaliwa, siku ile Wangari alipopigwa mlangoni.

Na kazi ya mikono inaendelea pasipo kungoja mabishano hayo. Mikaratusi ya zamani hukatwa kwa mafungu, na nafasi zake hupandwa miti ya asili; lantana, kichaka cha kigeni kisongacho kila mche, hung'olewa kwa jembe na kwa mkono, kisha hurudi, kisha hung'olewa tena. Muhugu hukua taratibu sana, na miche yake hutaka kupaliliwa kwa misimu mingi kabla ya kuweza kujitetea. Makundi ya shule na ya makazini huja kupanda wakati wa mvua za Aprili na za Novemba. Lakini wanaohitajiwa zaidi, kama wasimamizi wasemavyo wenyewe, ni wale walio tayari kuja wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha na wapiga picha wamekwenda zao, kupalilia iliyopandwa.