Udhaifu wa misuli si uchovu tu

MTU anaposhindwa kuinuka kitini bila kujishika, kupanda ngazi au kuinua mikono ili achane nywele, jamaa zake hudhani ni uchovu au uzee. Hata hivyo, huenda kinga ya mwili wake, badala ya kupambana na viini vya magonjwa, imeigeukia misuli na kuishambulia.

Maradhi hayo kwa jumla huitwa miositisi. Ni nadra na hayaambukizwi. Dalili yake kuu ni udhaifu unaozidi kwa majuma au miezi, hasa kwenye mapaja, nyonga na mabega ya pande zote mbili. Maumivu huenda yasiwepo.

Katika aina iitwayo dematomiositisi, ambayo huwapata hata watoto, ngozi pia huathirika. Vipele hutokea juu ya viungo vya vidole na kope hugeuka rangi ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi, mabaka hayo huweza kuonekana kama weusi uliozidi tu, yakapuuzwa.

Uchunguzi huanza kwa damu. Misuli inapoharibika, humwaga kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho mara nyingi hupanda sana. Lakini vimeng'enya vya AST na ALT, vinavyotumiwa kuchunguza ini, pia hutoka kwenye misuli. Hivyo, mgonjwa anaweza kudhaniwa kuwa na maradhi ya ini ilhali ini lake ni zima. Kupima kreatini kinasi husaidia kuondoa utata huo.

Daktari huchunguza pia hitilafu za tezi ya shingo, virusi vya Ukimwi, na dawa kama statini za kupunguza mafuta katika damu, kwani zote zaweza kudhoofisha misuli. Kisha hufuata vipimo vya kingamwili, umeme wa misuli na picha za MRI. Pengine kipande kidogo cha msuli hukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Watu wazima wenye dematomiositisi huchunguzwa saratani, kwani maradhi hayo mawili wakati mwingine huandamana.

Matibabu huanza kwa dawa kama prednisoloni, ambayo haifai kuachwa ghafla, pamoja na mazoezi ya viungo. Anayepaliwa na chakula au kukosa pumzi apelekwe hospitalini mara moja. Misuli iliyokwisha kudhoofika kabisa hairejei kwa urahisi.