Siku Msimbazi Inapotambulisha Wageni Wake: Historia Fupi ya Simba Day

Jua la Agosti halichomi sana Dar es Salaam. Upepo wa kusi bado unavuma, jioni zina ubaridi kidogo, na ligi imelala. Ni majira ambayo mpenzi wa mpira hana la kufanya ila kusikiliza tetesi: fulani anakuja, fulani ameshaondoka, fulani kaonekana uwanja wa ndege na begi moja. Simba Day ilizaliwa ndani ya pengo hilo. Mwaka 2026 klabu ya Simba inatimiza miaka 90, na sikukuu yake hii ina umri usiofika hata robo ya umri huo. Hata hivyo, ukimuuliza mtoto wa Kariakoo mwaka unaanza lini, anaweza kukujibu kwamba unaanza siku Mnyama, yaani Simba, anapotoka.

Ili kuielewa siku hiyo, tuanzie mtaani.

Kariakoo ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka ya 1930 eneo hilo lilikuwa moyo wa mji wa Waafrika. African Association ilikuwa imeundwa mwaka 1929, na vijana waliotoka kila pembe ya nchi walikuwa wakitafutana, wakijenga undugu mpya mbali na kwao. Mpira ulikuwa njia mojawapo ya kufanya hivyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata kundi likajitenga, likajiita Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971, wakati majina ya kigeni yalipokuwa yakivuliwa kama koti lililombana mtu.

Klabu za aina hiyo zilikuwa zaidi ya wachezaji kumi na mmoja. Zilikuwa baraza la kunywea kahawa, mahali pa kupashana habari za msiba, mahali pa kuchangiana harusi na kuzikana. Mwenye kadi ya uanachama alikuwa na watu. Simba ikajenga makao yake Mtaa wa Msimbazi, na watani wao Yanga wakawa Jangwani, mwendo wa miguu tu kutoka hapo. Ndiyo maana hadi leo mtangazaji anaweza kusema "Msimbazi" na "Jangwani" bila kutaja jina la klabu hata moja, na nchi nzima ikamwelewa. Timu zinazojaza uwanja wa watu 60,000 bado zinaitwa kwa majina ya mitaa.

Na mtaa una desturi zake. Mojawapo ni kwamba mgeni hafichwi. Bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali, mpangaji mpya, mtoto aliyekuja kukaa kwa shangazi yake, wote hupitishwa kwa majirani: "Huyu ni wetu sasa, mkimwona msimpite." Kwa miaka mingi mpira wetu haukuwa na desturi hiyo. Mchezaji mpya alijulikana siku ya mechi ya kwanza, na mara nyingine shabiki wa jukwaani alilazimika kumuuliza jirani yake yule mwenye namba 17 ni nani.

Mwaka 2009 uongozi wa Simba chini ya mwenyekiti Hassan Dalali, na Mwina Kaduguda akiwa katibu mkuu, uliamua kutenga siku moja ya kumaliza utata huo. Tarehe iliyochaguliwa ilikuwa 8 Agosti, Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mikoani siku hiyo watu huenda kwenye maonesho kutazama mbegu na mifugo. Simba nao wakaonesha mavuno yao. Kwa kuwa ni siku ya mapumziko, fundi, karani na mama lishe wote wangeweza kufika bila kumwomba mtu ruhusa. Mgeni mwalikwa alikuwa SC Villa ya Uganda, na Simba ikashinda 1-0.

Utaratibu uliowekwa siku ile haujabadilika sana. Kwanza muziki na burudani, kisha wachezaji wanaitwa mmoja mmoja kwa jina na namba, kila mmoja akikimbia kutoka kwenye handaki huku jukwaa likimpokea. Mwisho ni mechi ya kirafiki na klabu ya nje. Jina lenyewe lina kichekesho chake: klabu iliyoacha Sunderland ili ijiite kwa Kiswahili iliipa sikukuu yake jina la Kiingereza, na wenye mtaa wakalizoea bila kulalamika.

Msimu uliofuata, 2009/10, Simba ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Shabiki hahitaji ushahidi zaidi ya huo kuamini kwamba siku ina baraka. Lakini baraka hizo hazikukaa kila mwaka. Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, mabao ambayo watani hao wamekuwa wakikumbushwa kila wanapofungua mdomo. Miezi mitatu baadaye, siku ya Simba Day, Nairobi City Stars ya Kenya ikaja ikaifunga Simba 3-1 mbele ya watu wake. Mwaka 2013 SC Villa ilirudi na kupigwa 4-1. Mwaka 2014 Zesco ya Zambia ikaondoka na ushindi wa 3-0. Watu walinuna, wakalaumu kocha, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata wakaja tena. Kufikia hapo ilikuwa wazi kwamba matokeo hayakuwa yakiwavuta wala kuwafukuza. Wenye harusi hawavunji shughuli kwa sababu wali umeungua.

Mwaka 2016 klabu ilitimiza miaka 80, na AFC Leopards ya Kenya ilifungwa 4-0. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Rayon Sports ya Rwanda, Simba ikashinda 1-0, lakini kilichozungumzwa zaidi ni utambulisho. Haruna Niyonzima, Mnyarwanda aliyekuwa kipenzi cha Jangwani kwa miaka mingi, alikuwa amevuka barabara na kuvaa nyekundu. Miaka mitatu baadaye Bernard Morrison wa Ghana naye alivuka njia hiyo hiyo kwa kelele nyingi zaidi. Hapo ndipo utambulisho unapoonesha uzito wake: mtu aliyekuwa wa nyumba ya pili anasimamishwa katikati ya uwanja, na watu elfu kadhaa wanaamua kwa sauti zao kama wamempokea.

Baada ya Asante Kotoko ya Ghana kutoka sare ya 1-1 mwaka 2018, mwaka 2019 Power Dynamos ya Zambia ilifungwa 3-1, mabao yote matatu yakiwa ya Meddie Kagere. Simba ilikuwa katikati ya kipindi chake kizuri, ubingwa wa ligi mara nne mfululizo kuanzia 2018 hadi 2021, na sikukuu ikakua pamoja na timu. Siku moja ikawa haitoshi. Ikazaliwa wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko mechi yenyewe.

Katika siku zinazotangulia kilele, viongozi, wachezaji na wanachama hutoka uwanjani na kwenda kwa watu. Wanachangia damu. Wanatembelea wagonjwa na watoto wanaolelewa vituoni. Wanashika fagio na kufanya usafi. Mzigo mkubwa unabebwa na matawi. Tawi la Simba ni kitu cha kawaida sana kwa macho: kibanda chenye bendera, ubao wenye majina, benchi, pengine runinga. Lina mwenyekiti na katibu, lina daftari la michango, lina wazee wanaobishana kuhusu mechi zilizochezwa kabla wasikilizaji wao hawajazaliwa. Mwanachama akifiwa, tawi linakwenda. Akiugua, tawi linachanga. Kwa maneno mengine, tawi ni ile klabu ya Kariakoo ya miaka ya 1930 iliyopandwa upya Mbagala, Mwanza au Songea. Wiki ya Simba inapofika, matawi hayafundishwi kazi mpya. Yanaifanya kwa pamoja, mchana kweupe, kazi yanayoifanya kimya kimya mwaka mzima.

Kisha watu wanasafiri. Coaster na mabasi hutoka mikoani usiku, bendera zikiwa madirishani. Asubuhi Msimbazi pamejaa: foleni ya jezi, ngoma, wauza kahawa, vuvuzela, na yule machinga ambaye juzi aliuza soksi na leo ameona vitambaa vyekundu vinalipa zaidi. Salamu ya siku ni moja. Mmoja anasema "Simba!" na asiyemjua anajibu "Nguvu moja!" Msafara unaelekea Temeke, Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wenye tiketi za mzunguko huwahi mapema kwa sababu jua na nafasi havimsubiri mtu.

Watani hawakukaa kutazama. Mwaka 2019 Yanga walianzisha Wiki ya Mwananchi, kilele chake kikiwa sare ya 1-1 na Kariobangi Sharks ya Kenya tarehe 4 Agosti. Msimbazi walicheka kwamba wameigwa. Jangwani walijibu kwamba angalau wao wana jina la Kiswahili. Pande zote mbili zilisema kweli. Mwaka 2023 Yanga waliwaita Kaizer Chiefs kutoka Afrika Kusini na kuwafunga 1-0. Mji ukapata faida ya utani huo, kwani sasa kipupwe kina sikukuu mbili, na mwenye kuuza chipsi Temeke hajali ni rangi gani inamletea mteja.

Jina la Simba Day lilibaki, tarehe ikaanza kutembea. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha ligi kuanzia Machi hadi Juni, msimu ukachelewa, na Simba Day ikaangukia 22 Agosti, siku ambayo Vital'O ya Burundi ilifungwa 6-0. Mwaka 2021 ilisogea hadi 19 Septemba. Mgeni wa mwaka huo alikuwa mzito: TP Mazembe ya Lubumbashi. Hawakuwa wageni kabisa. Aprili 2019, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, walikuwa wametoka 0-0 Dar es Salaam na kuifunga Simba 4-1 kwao. Safari hii walishinda 1-0, na mfungaji alikuwa kijana aitwaye Jean Baleke. Baadaye Baleke huyo huyo alisajiliwa Simba na mashabiki aliowanyamazisha wakawa wanaliimba jina lake.

Mkongo kama Baleke si jambo la ajabu Msimbazi. Chris Mugalu, Henock Inonga, Fabrice Ngoma, Elie Mpanzu, wote wamepita kwenye handaki lile. Wanafika wakiwa na Kilingala, Kifaransa, na wengine Kiswahili cha mashariki ya Kongo ambacho Mtanzania hukisikiliza kwa tabasamu. Jukwaa halijali lafudhi, na aliyeitwa jina lake siku hiyo anapata ndugu wengi kuliko aliowaacha kwao.

Mwaka 2022 St George ya Ethiopia ilifungwa 2-0. Tarehe 6 Agosti 2023 uwanja ulijaa, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi, na Simba ikaifunga Power Dynamos 2-0 kwa mabao ya Willy Onana na Ngoma. Mwaka 2024 APR ya Rwanda nayo ilifungwa 2-0, huku msemo wa Simba wa "ubaya ubwela" ukiwa umeshatoka uwanjani na kuingia kwenye daladala. Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa michuano ya CHAN, kwa hiyo Simba ikasubiri hadi 10 Septemba kumkaribisha Gor Mahia wa Kenya. Simba Queens, timu ya wanawake iliyoshika nafasi ya nne Afrika mwaka 2022, nayo ni sehemu ya familia inayooneshwa.

Wapo wanaosema siku imekuwa ya biashara: wadhamini wengi, jezi mpya kila mwaka inayozinduliwa kwa mbwembwe, mwaka 2023 hadi juu ya Mlima Kilimanjaro. Malalamiko hayo yana haki yake, maana mzee wa tawi aliyelipa ada miaka arobaini anastahili kuona kwamba sherehe bado ni yake. Kipimo kizuri ni ile wiki. Siku mchezaji atakapoacha kwenda hospitalini na tawi litakapoacha kuchangia damu, kitakachobaki Mkapa kitakuwa tamasha zuri lenye mechi ndani yake, na matamasha mjini hayakosekani.

Desturi ya kumpitisha mgeni kwa majirani ina upande wa pili ambao watu husahau. Majirani nao wanawajibika. Mchezaji aliyepokewa kwa vigelegele Agosti anaweza kukosa penalti Novemba, mvua ya vuli ikinyesha, na uwanja ukiwa nusu tupu. Atazomewa, ndiyo. Lakini kuna mzee atakayegeuka kwenye benchi la tawi na kuwaambia vijana wapunguze maneno, kwa sababu yule ametambulishwa mbele yetu sote, na hatuwezi kusema hatumjui.